Sanduku Lililokwenda Ipole

Mlioniuliza kama niliona volkano ikimwaga moto, jibu ni hapana, na naomba msiniulize tena. Nilikwenda Tabora. Tabora haina volkano, haina maji ya moto yanayochemka kutoka ardhini, na ardhi ikitikisika kidogo watu hudhani ni lori la tumbaku limepita. Hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kwenda.

Kazi yangu ni kujua kilichoko chini ya milima ya volkano ya kusini, kule Rungwe, ambako wakubwa wanatarajia siku moja kuchota joto la ardhini lizalishe umeme. Mngedhani mtu wa kazi hiyo anakaa Rungwe, kwenye baridi na ndizi na mandhari ya kupigia picha. Wenzangu wenye nyota njema wako huko. Mimi nilipewa Unyamwezi. Tetemeko likitokea kusini, mawimbi yake husafiri chini kwa chini kuja kaskazini, na wimbi likipita kwenye mwamba wenye moto huchelewa, kama mtu anayevuka tope. Ukitaka kujua limechelewa kiasi gani, lazima kuwe na mtu amekaa mahali palipotulia akiangalia saa. Mtu huyo ni mashine, na mashine zangu zilikuwa tatu: Puge, Ziba na Ipole. Nilizifukia mwaka jana. Safari hii nilikwenda kuchukua zilichosikia.

Ipole ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Iko kusini kuliko nyingine, ndiyo inayopokea wimbi kwanza, na bila hiyo zile mbili ni mapambo. Msimamizi wangu chuoni aliniambia kwa upole wake wa siku zote, "Bila kadi ya Ipole huna utafiti. Una matembezi." Shahada yangu ya uzamili yote ilikuwa imelala kwenye kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ndani ya sanduku la mbao, uani kwa mama mmoja mfuga nyuki.

Dodoma hadi Tabora: Mgunda Mkali haujapoa

Wapagazi wa zamani waliopita njia hii na pembe za ndovu mabegani waliliita pori la huku Mgunda Mkali, kwa sababu ya kiu na jua. Mimi nilipita na chupa mbili za maji, kwenye kiti cha basi cha dirishani, nikijiona mjanja kuliko historia. Mbele kidogo ya Itigi mkanda wa injini ukakatika.

Tulikaa saa tano. Kondakta alituambia fundi yuko njiani, na ni kweli alikuwa njiani, ila hakusema njia ipi. Jirani yangu wa kiti, bwana mmoja muuza viatu vya mitumba aliyekuwa anarudi Tabora, aliamua kutumia muda huo kunifahamu.

"Kwa hiyo wewe unaisikiliza ardhi?"

"Ndiyo."

"Na huko Tabora inasema nini?"

"Haisemi kitu. Ndiyo maana tunaipenda."

"Na hilo umelisomea?"

"Mwaka wa sita huu."

Akafungua mfuko wake wa plastiki, akanipa yai la kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Sijawahi kuhurumiwa kwa heshima namna ile. Nililila lote.

Tabora mjini: swali la Fundi Seif

Dereva wangu, Shija, Msukuma wa makamo mwenye pikapu na falsafa, alinipokea asubuhi yake. Kabla ya kwenda popote nilitaka kumsalimu Fundi Seif, seremala ambaye familia yake ilikuja kutoka Omani zamani sana ikifuata biashara, ikabaki ikifuata mbao za mninga. Mwaka jana masanduku yangu ya plastiki yalikuwa matatu, ya kuwekea vinasa vinavyobaki juu ya ardhi na kuandika kwenye kadi kinachosikiwa na mashine. La tatu lilipasuka njiani, na Fundi Seif ndiye aliyeniokoa. Nilimwambia nataka sanduku la mbao, lenye mfuniko wa kufunguka juu na tundu dogo mbele la kupitisha waya, na kwamba linakwenda Ipole. Alilimaliza kwa siku moja. Lilikuwa zuri na lilinukia vizuri, nikamsifu kwa vanishi, naye akatabasamu kwa staha.

Safari hii nilimkuta barazani na kahawa chungu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Wale wa Ipole wameshaingia?"

Nikadhani anawaulizia wenzangu wa chuo. "Bado," nikasema. "Mimi ndiye wa kwanza."

Akasikitika kikweli. "Mwaka mzima! Basi ulikuwa umeliweka juani." Akaagiza niongezewe kashata, kama mfiwa. Nilizila kashata zake nikiwaza jinsi uzee unavyomwingia mtu polepole. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa na shahada ya kwanza kabisa ya kutojua.

Puge: tupe tarehe

Puge mashine ilikuwa salama salimini. Kadi ikatoka, ikasomeka, na kazi yote ikachukua dakika ishirini. Tulikaa siku nzima.

Habari zilikuwa zimeenea kwamba yule mwanamke wa matetemeko amerudi, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameitisha mkutano. Nililetewa kiti cha plastiki, na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, vimechemshwa na karanga. Nilipokuwa nimejaza mdomo, mwenyekiti akasimama.

"Mtaalamu, karibu sana. Wananchi hawana maneno mengi. Wanaomba tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ya tetemeko. Tupange mavuno."

Nikameza. Nikaeleza kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kutabiri siku ya tetemeko, si mimi, si Wajapani. Mashine inasikia yaliyokwisha kutokea.

Mama mmoja mstari wa mbele akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa kama limeshatokea, si hata sisi tunakuwa tumelisikia?"

Nilisoma miaka sita na hakuna aliyewahi kunibana vile. Nilisema mambo ya mwamba na mawimbi na umeme wa jotoardhi, na walinipigia makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtoto aliyesahau shairi. Mkutano ukafungwa kwa azimio kwamba nikipata tarehe niipeleke kwa mwenyekiti kwanza.

Ziba: ng'ombe wanapenda utulivu

Kutoka Puge kwenda Ziba tulikula vumbi la kutosha chakula cha mchana. Mashine ya Ziba nilikuwa nimeifukia pembeni mwa malisho ya mfugaji aitwaye Maganga, nikaizungushia uzio wa miti ya miiba, nikamsihi asiruhusu mtu kuukaribia.

Hakuruhusu mtu. Ila alikuwa ameona kwamba uzio wangu ni upande mmoja wa zizi uliokwisha kujengwa bure, akaongeza pande tatu zilizobaki. Mwaka mzima kifaa chenye uwezo wa kusikia tetemeko la Japani kilikuwa kimelala na ng'ombe arobaini.

"Bwana Maganga," nikasema, "tulikubaliana pawe mahali tulivu."

"Ndiyo. Ulisema mwenyewe hapa ndipo patulivu kuliko kote. Ng'ombe wanapenda utulivu."

Shija alijifanya anaangalia gurudumu, mabega yanamcheza. Kadi ilisomeka, na mchana ilikuwa inafaa kidogo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri ilikuwa kwato tupu. Nikajipa moyo kwamba nusu ya Ziba na Puge nzima zinatosha, mradi Ipole iwe kamili. Tukarudi Tabora, tukashika lami ya kusini.

Ipole: salamu zilizokatika

Mimi ni Mgogo, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walipita kwetu na misafara, babu zetu wakawatoza hongo ya kupita na kuchota maji, na hongo enzi hizo ilikuwa ushuru halali, msianze. Walipochoka kuchukiana wakaamua kutaniana. Kwa hiyo mwaka jana, nilipofika kwa Mama Kalunde, yule mfuga nyuki, hatukuhitaji kutambulishana. Aliniuliza kama nimekuja kuomba chakula, nikamuuliza kama mgongo umeshapona mizigo ya pembe, na kazi ikaanza. Mama yake mzazi, aliyekuwa amemtembelea kutoka kijiji cha pili, alikaa akituangalia tunafukia kifaa. Aliuliza swali moja tu: "Kinasikia mtu akitembea?" Nikamwambia kinasikia hata kuku. Akacheka hadi akashika mbavu.

Nilimwachia Mama Kalunde kazi mbili: kila asubuhi afute vumbi kwenye kioo cha sola, na asiguse sanduku kwa hali yoyote. Juu ya mfuniko nikaandika namba yangu ya simu kwa kalamu nzito.

Mwaka huu tulifika saa saba mchana. Akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mtani! Karibu. Habari za Dodoma? Watoto wa dada yako hawajambo? Mvua..."

"Nzuri, nzuri, mama. Sanduku liko salama?"

Nilimkatisha. Nilikuwa nimeshalipita bega lake, naelekea uani. Nilimsikia nyuma yangu akisema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Sanduku lilikuwa pale pale, na lilikuwa linanguruma. Kwenye tundu la waya nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa foleni, kwa utaratibu ambao sijauona kituo chochote cha mabasi. Nilinyoosha mkono kwenye mfuniko. Mmoja akanikaribisha kwenye mdomo wa juu.

"Usiguse," akasema Mama Kalunde. "Si ndivyo ulivyoniagiza?"

Nilisimama pale mdomo ukivimba, naona shahada yangu inageuka asali. Nikamuuliza, kwa ulimi mzito, kwa nini hakuniambia.

"Nilikupigia. Wiki ile ile walipoingia. Simu inasema namba haipatikani. Nikapiga tena siku nyingine, kwa jambo jingine. Haipatikani."

Nilikuwa nimebadilisha laini. Sababu, kama mnataka kuijua, ni vifurushi. Laini nyingine ilikuwa na vifurushi vizuri zaidi.

Sikuuliza lile jambo jingine lilikuwa nini. Niliuliza tunafunguaje sanduku.

Ipole bado: nyuki hawafukuzwi

Niliwaza mambo matatu yote ya kijinga: dawa ya wadudu, moto, na kulibeba sanduku lilivyo hadi chuoni. Mama Kalunde aliyasikiliza yote akichambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo ndiyo yalikuwa mboga ya siku ile na ya kesho yake.

"Nyuki wakiingia wenyewe hawafukuzwi," akasema. "Wanahamishwa. Na hawahamishwi mchana wa jua kali kama wezi. Na huwezi kuwahamisha bila mahali pa kuwapeleka. Mizinga yangu yote ina watu. Mtume dereva Tabora alete mzinga."

Shija akarudi Tabora, mwendo wa kutwa kwenda na kurudi kwa namna anavyoendesha yeye. Mimi nikabaki nikilitazama sanduku kwa mbali. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho mama huyu hakukitaja. Msimu wa kurina asali ulikuwa umepita wiki chache nyuma. Mizinga yote Ipole ilikuwa imerinwa, na huu mmoja, uliojaa, ulio hatua arobaini kutoka jikoni kwake, haukuguswa. Majirani walikuwa wamemwambia ni mzinga kama mizinga mingine. Yeye aliwajibu kwamba sanduku si lake.

"Ungerina tu, mama," nikasema. "Nisingejua."

"Ningejua mimi."

Kesho yake Shija akashuka na mzinga mpya. Mbao za mninga, mfuniko wa juu, tundu dogo mbele. Pacha wa sanduku langu.

"Fundi Seif anakusalimu," akasema, akijitahidi sana uso wake usicheke. "Anashukuru kusikia wameingia. Lakini anauliza, kwa nini unataka wa pili wakati ule wa kwanza aliupaka nta ndani kwa mikono yake, bila kuombwa, ili nyuki waukubali mapema?"

Ile ndiyo vanishi niliyoisifu. Tabora ukienda kwa seremala ukamwambia sanduku, tundu mbele, mfuniko juu, linakwenda Ipole, umeagiza mzinga. Hakuna mtu mwingine mjini pale ambaye angeelewa vinginevyo. Mama Kalunde alikaa chini kabisa, kanga mdomoni. "Mgogo kanunua mzinga bila kujua! Kaleta na umeme ndani!" Alicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini, akawaeleza, wakacheka wao, na mimi nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo ulioweza.

Jioni, jua likiwa limelegea, alivaa koti lake na wavu, akawasha bomba la moshi, akafanya kazi. Hakuwa na haraka hata kidogo. Aliinua mfuniko nusu, akapuliza moshi, akangoja. Akakata sega moja baada ya jingine na kulifunga kwenye vijiti vya mzinga mpya kwa kamba ya mti. Alipompata malkia alimhamisha na kundi lililomzunguka kwa kiganja, kwa upole ambao mimi sijawahi kuutumia kwa kitu chochote. Kisha akaniita.

Nyuma ya sega la mwisho taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa.

Kinasa kilikuwa kizima. Nyuki walikuwa wamekipaka gundi yao kila upenyo, vumbi lisipite, mchwa wasipite. Mama Kalunde akapasha kisu moto, akabandua gundi kwenye mlango wa kadi, akanikabidhi kadi ikiwa na alama ya asali. Niliifuta kwa pindo la shati, nikaichomeka kwenye kompyuta juu ya boneti ya pikapu. Shija alisimama akiwa amevua kofia. Ikasomeka siku ya kwanza. Ikasomeka ya mwisho.

Nilipiga yowe, na nililia pia, sioni sababu ya kuwaficha. Mama Kalunde alinipa kipande cha sega nitafune. "Kula," akasema. "Kisha ujifunze kubeba mzigo kama sisi."

Dodoma: mezani

Tulirudi bila mkanda kukatika, jambo linaloharibu kabisa simulizi, kwa hiyo naliruka.

Wiki hii nimekuwa nikiisoma Ipole. Mawimbi ya kusini yamo, yamechelewa vizuri sana, msimamizi amefikia hatua ya kusema "si mbaya". Lakini kuna kitu kingine. Kila alfajiri, kabla kuku hawajaamka, kuna mtikisiko mdogo mdogo: hatua zinakuja, zinasimama penye kioo cha sola, zinarudi. Arobaini kuja, arobaini kurudi. Mwanzoni nilitaka kuzichuja kama kelele. Halafu nikaanza kuzihesabu. Mama Kalunde hakukosa asubuhi hata moja, wakati wa mvua, wakati wa baridi, hata baada ya nyuki kuingia.

Isipokuwa siku nne. Siku nne mfululizo hakuna hatua hata moja.

Nikaona nimepata cha kumtania. Nikampigia, kwa laini mpya.

"Mtani, umeshikwa! Mashine imekushtaki. Siku nne nzima hukufuta kioo. Ulikuwa umelala, au mlikuwa mnakunywa pombe?"

Nikangoja kicheko chake.

"Nilikuwa msibani," akasema. "Tulimzika mama."

Nikaifunga kompyuta.

"Ndiyo maana nilikupigia ile mara ya pili. Msiba wetu hauendi bila mtani. Nani aje alale kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku? Nani amwige marehemu, watu wacheke walie vizuri? Wewe ulikuwa ndiye Mgogo niliyemjua, na mama alikupenda, kila siku akisimulia habari za kuku. Tukazika kimyakimya tu, kama wageni."

"Nilikaa kwako siku mbili, mama. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Kazi moja tu ambayo babu zangu waliniachia katika njia ile nzima ni kufanya mzaha, na siku ulipohitajika sikupatikana. Nimefanya mzaha na muuza viatu, na mwenyekiti, na ng'ombe wa Maganga, na ninyi mnaosoma.

Kwa hiyo Jumamosi msinisubiri, nitakuwa njiani. Nilimwambia nakuja, na kuku nitamleta mwenyewe, hata kama mambo yameshapita. Nilisikia anavuta pumzi, kisha kicheko kidogo, cha mama yake kabisa.

"Njoo," akasema. "Ila safari hii anza na salamu, mtani. Na uzimalize."